Jinsi uzi wa msuli unavyojikaza: uchore mwenyewe

Kila ninapofundisha somo hili nakutana na kosa lilelile: mwanafunzi anadhani ndani ya msuli kuna kitu kinachofupika, kama mpira uliovutwa ukaachiwa. Hakuna. Chukua penseli.

Hatua ya 1. Shuka ngazi upesi. Msuli ni mafungu ya nyuzi, na kila uzi ni seli moja ndefu yenye viini vingi, unene wake maikromita 10 hadi 100 hivi (maikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Ndani yake zimejaa miofibrili, vijiuzi vilivyolala sambamba, na kila kimoja kimegawanyika vipande vipande viitwavyo sarkomea.

Hatua ya 2. Chora sarkomea moja, kubwa. Piga mistari miwili ya wima. Hizo ni kuta za Z. Kutoka kila ukuta toa fito nyembamba za aktini zielekee katikati bila kukutana. Katikati laza fito nene za miosini, zenye vichwa vinavyochomoza pembeni. Msuli ukitulia, ukuta hadi ukuta ni kama maikromita 2.2.

Hatua ya 3. Neva inamwaga asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe kwa msuli, umeme unasambaa kwenye utando wa seli na kuzama ndani kupitia mirija midogo, ghala la kalisi linafunguka.

Hatua ya 4. Kalisi inaishika troponini, protini iliyokaa juu ya aktini, nayo inaisogeza tropomiosini, protini nyingine iliyo kama kamba iliyoziba sehemu za kushikia kwenye aktini. Vichwa vya miosini vinashika, vinainama, vinavuta. Chora upya: kuta zimekaribiana, lakini usifupishe ufito hata mmoja! Pishanisha vidole vya mikono yako uvisukume ndani. Kuna kilichopungua urefu? Wazo hili lilitoka mwaka 1954 katika toleo moja la jarida la Nature, kwa makala mbili: ya Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, na ya Hugh Huxley na Jean Hanson. (Hao akina Huxley si ndugu.)

Hatua ya 5. Hapa ndipo wengi hukwama. ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, si ya kuvutia tu, ni ya kuachia pia. Kichwa kilichokwisha kuvuta hakibanduki mpaka ATP mpya ije ikishike. Ikivunjwa, kichwa kinainuka tayari kwa mvuto mwingine. Maiti hukakamaa kwa sababu hiyo: ATP imekwisha, vichwa vimeng'ang'ania.

Hatua ya 6. Neva ikinyamaza, pampu zinarudisha kalisi ghalani, kwa ATP vilevile, na tropomiosini inaziba tena. Msuli umelegea, ila bado ni mfupi. Ili urefuke lazima uvutwe, na uzito au na msuli wa upande wa pili. Chora mshale huo nje ya kuta.