Kaa wa mikoko kwa vyuma chakavu: kujenga sanamu ya hadharani itakayohimili chumvi, watoto na wezi

Mwongozo huu ni wa fundi ambaye tayari anajua kuchomelea, na sasa anataka kutoka kwenye mageti na vitanda aende kwenye sanamu ya kusimama mahali pa watu. Kazi zangu ni za Mombasa, kwa hiyo mfano nitakaoutumia ni kaa wa mikoko: upana mita 3 mguu hadi mguu, kimo mita 1.2. Kaa nimemchagua makusudi. Watoto watapanda chochote utakachosimamisha uwanjani, uweke kamba au usiweke. Afadhali wapande kitu kifupi, kizito, kilichoshika ardhi kwa miguu mingi, kuliko korongo wa mguu mmoja.

Hatua ya 1: Karatasi

Kila uwanja una mwenyewe. Pata barua ya serikali ya kaunti au ya mwenye kiwanja, mchoro wenye vipimo, na sahihi ya mhandisi wa miundo. Uliza pia chini ya ardhi kumepita nini, mabomba au nyaya. Kabla ya hapo usinunue hata nati.

Hatua ya 2: Kununua chuma chenye asili

Zunguka gereji za malori na yadi za vyuma. Kwa kaa huyu natafuta springi za lori, zile za mabamba, kwa ajili ya miguu. Meno ya ekskaveta kwa ncha za magando. Bati la kontena kuukuu kwa gamba. Beringi mbili kubwa za macho. Beleshi mbili zilizochoka. Na bomba nene la kubeba mwili.

Nunua kwa mwenye leseni na udai risiti yenye maelezo ya kila kitu. Kenya ina sheria ya vyuma chakavu tangu 2015, na Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta aliipiga marufuku biashara yote baada ya minara ya umeme kuhujumiwa. Marufuku iliondolewa Mei mwaka huohuo, lakini jicho la polisi halikuondoka. Ukiletewa kipande cha reli, chuma cha mnara, mfuniko wa mtaro au mita ya maji, kikatae hata kama kinauzwa bei ya karanga. Sanamu yako itasimama hadharani miaka mingi, na mwenye mali atapita hapo siku moja.

Hatua ya 3: Kukisoma chuma

Hapa ndipo wanapokwama wengi, maana chuma chakavu hakina lebo. Anza na sumaku: isiponasa kabisa, huenda ni aluminiamu, shaba au chuma kisichoshika kutu, na hivyo haviungwi na rodi yako ya kawaida. Kisha gusa ukingo kwa grainda uangalie cheche mahali penye kivuli. Chuma laini hutoa cheche ndefu za manjano zinazokwenda moja kwa moja, zikichanua kidogo tu. Chuma kigumu chenye kaboni nyingi, kama springi, hutoa cheche zinazopasuka matawi matawi karibu na jiwe. Chuma cha kusubu, kama bloku ya injini, hutoa cheche fupi, nyekundu, zinazozima upesi.

Andika kwa chaki juu ya kila kipande: laini, kigumu, cha kusubu. Maandishi hayo ndiyo yatakayoamua kipi utachomelea na kipi utafunga kwa bolti.

Hatua ya 4: Kuondoa sumu na mabomu

Shokomzoba ni bomba lililofungwa, lenye mafuta na mara nyingi gesi. Likipata moto linalipuka. Litoboe kwa drili ya mkono, polepole, kabla moto haujalikaribia. Pipa au tangi lililowahi kuwekwa petroli liache hukohuko yadi. Kulisuuza kwa sabuni hakutoshi. Bitana kuukuu za breki na klachi zinaweza kuwa na asbesto, kwa hiyo usizisage.

Chuma kilichopakwa zinki kikichomelewa hutoa moshi mweupe, na saa chache baadaye unapata homa, kutetemeka na ladha ya chuma mdomoni. Mafundi wengi hunywa maziwa. Maziwa hayaingii mapafuni. Ondoa zinki kwa kusaga ukiwa umevaa respireta, fanyia kazi mahali penye upepo, na usisafishe kipande kwa dawa ya breki yenye klorini kabla ya kuchomelea, maana mwanga wa arki huigeuza gesi ya kuua.

Hatua ya 5: Kuchora sakafuni

Mchore kaa kwa chaki sakafuni kwa ukubwa wake halisi, kutoka juu na kutoka ubavuni. Panga vyuma juu ya mchoro, sogeza, badilisha. Muda huu usiuonee uchoyo. Na mtazame kaa wa kweli sokoni: miguu ya nyuma kabisa ya kaa huyu ni bapa, ya kuogelea, na ndiyo sababu ya beleshi zile. Miguu sita tu ndiyo itakayogusa chini.

Hatua ya 6: Miguu

Springi za lori zimeshapinda zenyewe vizuri kuliko utakavyopinda wewe. Shida ni kwamba ukizichomelea baridi, sehemu iliyo kando ya weldi inakuwa ngumu na kuvunjika kama kioo, pengine wiki kadhaa baadaye, mtoto akiwa juu yake. Kupasha moto kabla na kupoza taratibu kwenye majivu husaidia, ila mimi huona ni heri kutozichomelea kabisa.

Tazama bamba lenyewe. Katikati lina tundu la bolti, na bamba kuu lina jicho lililokunjwa kila mwisho. Pitisha bolti kwenye tundu ili kuufunga mguu kwenye fremu ya tumbo. Jicho la nje ndilo goti: ingiza pini ya chuma laini, unganisha na jicho la bamba la pili linaloshuka chini, kisha chomelea nati kwenye pini, siyo kwenye springi. Meno ya ekskaveta nayo yana tundu la pini, yafunge vivyo hivyo. Beringi za macho zibane ndani ya kipande cha bomba.

Hatua ya 7: Tumbo na gamba

Fremu ya tumbo ni chuma laini, na bomba nene linashuka katikati yake, limefichwa na miguu. Uzito wote uko hapo. Kwa viungo hivi natumia rodi za E7018, lakini hunyonya unyevu, na hewa ya pwani haikosi unyevu. Zihifadhi mahali pa joto, pakavu. Kwa bati la kontena, ambalo ni jembamba, E6013 inatosha.

Vipande vya gamba vipange vikilaliana, kimoja juu ya kingine, kuanzia chini kwenda juu, ili mvua iteleze. Ziba maungio kwa weldi isiyokatika, kwa sababu maji ya chumvi yakiingia kwenye mwanya mwembamba yatakula chuma kutoka ndani. Mahali popote maji yanapoweza kutuama, toboa tundu la kuyatoa.

Hatua ya 8: Kupima kwa kitambaa

Chukua kitambaa cha pamba uburute juu ya sanamu nzima. Panaponasa, saga. Kisha pima mianya: wa kati ya sm 9 na 23 unaweza kunasa kichwa cha mtoto, na tundu la mm 8 hadi 25 hunasa kidole.

Hatua ya 9: Rangi

Wateja wengi huomba ule mwonekano wa kutu nyekundu. Karibu na bahari kutu hiyo haitulii, hata kwenye bati la kontena. Chumvi huifanya iendelee kula. Osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, piga mchanga hadi chuma king'ae, na siku hiyohiyo paka praima ya epoksi yenye zinki. Fuata na epoksi, kisha rangi ya juu ya poliyurethani. Epuka nyeusi: jua la saa saba litachoma mapaja ya watoto.

Hatua ya 10: Kusimika

Kwa kaa wangu msingi wa katikati ni zege la mita 1.2 kwa 1.2, kina mita 0.8, yaani karibu tani 2.75. Bolti nne za M24 humwagiwa zege zikiwa zimeshikwa na kiolezo cha ubao, la sivyo hazitalingana na bamba la chini. Vipimo vya kwako atavisema mhandisi.

Ukishakaza nati, zichomelee. Usidhani uzito ni ulinzi: mwaka 2005 sanamu iliyoundwa na mchongaji Henry Moore, yenye zaidi ya tani 2, iliibwa Uingereza kwa lori lenye winchi, na inaaminika iliyeyushwa na kuuzwa kama chuma chakavu.

Kusi ikiisha, kila mwaka, mwoshe kaa kwa maji baridi, kwangua palipoanza kutu, upake upya. Namba ya rangi iandike kwenye mfuniko wa kopo, na kopo umwachie mlinzi wa uwanja.