Iulize nodi jina lake kwanza

Kila ninapomfundisha mtu kuingia kwa terminali kwenye Cassandra, hifadhidata inayokaa kwenye mashine nyingi ziitwazo nodi, simwachi aguse data mpaka anionyeshe yuko kwenye nodi ipi. Siku moja nilikuwa na madirisha mawili wazi: moja la klasta (kundi la nodi) ya majaribio, jingine la klasta inayohudumia watu. Nikaandika TRUNCATE, amri inayofuta data yote ya jedwali, kwenye lile la pili. Kidole kilikuwa kimeshafika juu ya Enter nilipotupia jicho anwani iliyo juu ya dirisha.

Chombo chenyewe ni cqlsh, kinakuja pamoja na Cassandra. Ukiandika cqlsh peke yake, inajaribu 127.0.0.1, yaani mashine ileile uliyomo, kwenye poti 9042. Ukitaka nodi ya mbali, itaje:

cqlsh 10.0.4.12 9042 -u msomaji

Nenosiri usiliweke hapo kwa -p, kwa sababu litabaki kwenye historia ya amri zako. Ukiacha, cqlsh itakuuliza yenyewe, na herufi hazionekani unapoandika.

Ukishaingia, kabla ya lolote:

SELECT cluster_name, data_center, listen_address FROM system.local;

Kila nodi ina jedwali lake la system.local, na linaeleza habari za nodi hiyo tu. Soma jina la klasta kwa sauti ikibidi. Mimi husoma.

Ikikataa kuunganisha, tazama imekataaje. "Connection refused" maana yake mashine umeifikia, ila kwenye anwani na poti hiyo hakuna anayesikiliza. Ama Cassandra imezimwa, ama rpc_address ndani ya faili la mipangilio, cassandra.yaml, bado ni localhost. Hapa ndipo wengi hupoteza saa nzima: wanabadilisha listen_address, wakati hiyo ni ya nodi kuongea zenyewe kwa zenyewe, kwa kawaida kupitia poti 7000. Sisi wateja tunapitia rpc_address. Ukiiweka 0.0.0.0, jaza na broadcast_rpc_address, la sivyo nodi haitawaka. Kisha iwashe upya.

Ikikaa kimya mpaka muda uishe, mara nyingi ni faiwoli inayomeza maombi yako. Ingia kwenye mashine yenyewe kwa ssh, andika nodetool status, amri inayoonyesha hali ya nodi. Ukiona UN mbele ya anwani, nodi iko hai na inafanya kazi kawaida, kwa hiyo tatizo litafute njiani. DN ni nodi iliyoanguka.

Jambo jingine: cqlsh huanza na CONSISTENCY ONE, yaani jibu la nakala moja linatosha, hata kama nakala hiyo imepitwa na wakati. Data ikiwa na nakala 3, mimi huandika CONSISTENCY QUORUM, yaani zaidi ya nusu ya nakala. Ili 2 zijibu. Ukitoka na kuingia tena, imerudi ONE. Iweke upya, ukishaiuliza system.local.