SOMO: Jinsi ya kucheza The Movies bila studio yako kufilisika

Wakuu, wengi wanaoanza gemu hili wanadhani ni la kutengeneza filamu. Filamu zimo, tena nyingi, ila ukishalicheza jioni mbili tatu unagundua kwamba kazi kubwa ni kulea watu. Anayefilisika mara nyingi si kwa sababu ya filamu mbaya, ni kwa sababu ya mastaa walionuna.

Kwa wageni: The Movies ni kazi ya Lionhead Studios ya Guildford, Uingereza, studio aliyokuwa akiiongoza mtengenezaji wa magemu Peter Molyneux, na lilitoka Novemba 2005. Unapewa kiwanja cha studio Hollywood mwaka 1920, enzi za filamu bubu za rangi nyeusi na nyeupe, na unatakiwa ukivushe hadi karne ya 21 kikiwa bado kinaingiza hela.

Hatua ya 1: Ajiri, lakini kwa jicho kali

Kila kitu hapa ni kuburuta na kuachia. Waomba kazi wanapanga foleni nje ya majengo. Unamkamata mmoja kwa kipanya, ananing'inia hewani, kisha unamwachia kwenye chumba, na chumba ndicho kinachompa kazi. Mtu yuleyule ukimwachia huku anakuwa mwigizaji, ukimwachia kule anakuwa dairekta, pengine fundi ujenzi au mfagizi. Kwa kuanzia unahitaji mafundi, mfagizi, waandishi, dairekta mmoja na waigizaji wawili wakuu. Usijaze watu eti foleni ni ndefu. Mshahara unatoka hata kama mtu kakaa benchi.

Hatua ya 2: Skripti

Aina za filamu ni tano: mapigano, vichekesho, kutisha, mapenzi na sayansi ya kubuni. Kila aina ina chumba chake kwenye ofisi ya waandishi. Ukiweka waandishi wengi chumba kimoja skripti inakamilika haraka, ila ubora unategemea uzoefu wao. Usisubiri skripti ya kutikisa dunia mwaka 1920, haitakuja. Piga ulichonacho, kiingize hela, waandishi wakue.

Sikiliza redio ya gemu pia. Yule mtangazaji si pambo. Dunia inabadilika, vita vinakuja, uchumi unayumba, na watazamaji nao wanahama kutoka aina moja ya filamu kwenda nyingine.

Hatua ya 3: Kupanga waigizaji na kupiga picha

Skripti ikiiva, iburute hadi jengo la kupanga waigizaji, kisha mwachie kila mtu kwenye nafasi yake: dairekta, wahusika wakuu, wale wa pembeni, na wafanyakazi wa kamera. Wape muda wa mazoezi. Wachezaji wengi wanaruka hapa kwa haraka ya hela, halafu wanashangaa wakosoaji wanawachana.

Mwigizaji anapata uzoefu kwa kila aina ya filamu peke yake. Uliyemzoesha vichekesho mwache huko. Ukimhamishia kwenye filamu za kutisha anaanza karibu na sifuri, ilhali mshahara wake ni wa staa.

Hatua ya 4: Seti na maabara

Seti, yaani mandhari ya kupigia filamu, ina mambo mawili ya kuangalia: uchakavu na upya. Uchakavu mafundi wanautengeneza. Upya ni shida nyingine, kwa sababu watazamaji wanachoka kuona baa ileile kila filamu. Ongeza seti mpya taratibu, na usisahau watafiti maabara, maana kamera, sauti na rangi bora vinatoka huko. Studio pinzani nazo hazilali.

Hatua ya 5: Mastaa

Hapa ndipo gemu lilipo. Bonyeza staa yeyote na usome hali yake. Utakuta mshahara, trela ya kupumzikia, wapambe, mwonekano, msongo, upweke wa kukosa kazi. Na analinganisha! Ukimpandishia mwenzake mshahara, yeye ananuna bila kuongea, na kununa huko kunaonekana kwenye filamu.

Tazama mfano mmoja wa karibu. Staa ametoka kwenye filamu ndefu, msongo uko juu. Unamwachia baa apumzike. Msongo unashuka vizuri, nawe unafurahi. Unarudia, unarudia tena. Halafu siku ya kupiga picha dairekta yupo, kamera ipo, kila mtu kasimama kwenye seti, yeye yuko kaunta. Chakula nacho ni vivyo hivyo: mgahawa unamtuliza hadi awe mtumwa wa sahani. Mimi naona ni bora kumpa nafasi kati ya filamu na filamu kuliko kumtuliza kwa glasi.

Uhusiano pia una thamani yake. Mwachie staa karibu na mwenzake wapige stori. Wakizoeana kabla ya kuigiza pamoja, filamu ya mapenzi inakuwa na uhai. Tuzo hutolewa kila baada ya miaka mitano, na ushindi unaleta faida halisi kwenye studio, si kikombe cha kuweka kabatini tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nimemweka staa wangu mkubwa kuliko wote, lakini filamu imepigwa chini. Tatizo nini?

Jibu: Fungua tathmini ya filamu uisome yote. Staa ni kipande kimoja tu. Angalia skripti, upya wa seti, teknolojia, na kama huyo staa ana uzoefu wa aina hiyo ya filamu. Nina wasiwasi na seti, wengi mnarudia zilezile.

Swali: Staa wangu keshakuwa mlevi, nimfukuze?

Jibu: Usikimbilie huko, kaka. Jenga kituo cha kuwatibu walevi, mwachie humo, na usimpangie filamu yoyote mpaka atoke. Akitoka mweke mbali na baa.

Swali: Samahani, naweza kutengeneza filamu yangu mwenyewe kwa Kiswahili?

Jibu: Inawezekana kabisa, dada. Jenga ofisi ya kuandika skripti zako mwenyewe, unachagua tukio moja baada ya jingine. Wahusika hawaongei lugha inayoeleweka, kwa hiyo unarekodi sauti zako au unaweka maandishi chini. Kikwazo ni mandhari, kwa kuwa Kariakoo humo hutaipata. Lakini Novemba 2005, mwezi uleule gemu lilipotoka, Mfaransa Alex Chan alilitumia kutengeneza filamu fupi kuhusu ghasia za vitongoji vya Paris, akitumia seti za Kimarekani hizohizo, na magazeti makubwa ya nje yakaiandika. Ukimaliza, itoe kama faili la video, maana tovuti rasmi ya kupakia ilishafungwa zamani.

Swali: Lipo la simu?

Jibu: Hapana, ni la kompyuta, Windows na Mac. Na toleo jipya msisubiri: Microsoft iliinunua Lionhead 2006, ikaifunga 2016. Tafuteni diski za mtumba.

Swali: Nimefika miaka ya 1930, hela imeisha kabisa. Nianze upya?

Jibu: Bado. Simamisha ujenzi wote, punguza wanaokaa benchi, chukua skripti ya bei nafuu uliyonayo, tumia seti zilizopo, toa filamu. Ikiingiza kidogo, rudia kabla hujaongeza hata mfagizi. Kama bado unazama, nitumie picha ya ukurasa wako wa fedha tuone mishahara imekaaje.