Kubana au kulegeza: kuchagua mtindo kwenye mashindano ya poka

Wachezaji wengi huchagua mtindo kabla hata hawajakaa mezani: huyu hubana (hucheza karata nzuri tu), yule hulegeza (hucheza nyingi). Kosa huanzia hapo. Kwenye Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau, mtindo hubadilika kadiri blaindi (dau mbili za lazima, ndogo na kubwa, zinazowekwa kabla ya karata kugawiwa) zinavyopanda na kadiri nafasi yako inavyozunguka meza.

Hatua ya 1: Pima chipu zako kwa blaindi kubwa. Chipu 20,000 kwenye blaindi 400/800 (ndogo 400, kubwa 800) ni blaindi kubwa 25. Pima hivyo kila mkono (kila karata zinapogawiwa), usingoje mapumziko. Ikiwa aliye blaindi kubwa hulipa na anti (dau jingine la lazima) ya kiasi hicho hicho, mzunguko mmoja wa meza unakula blaindi 2.5. Maana yake ukikaa kusubiri, chipu hizo zinakufikisha mizunguko 10 tu.

Hatua ya 2: Tazama kama anti imeanza. Bila anti, kitita (fungu la dau linalowaniwa) kina blaindi 1.5. Ukipandisha dau hadi blaindi 2.2 ili wote watupe karata, lazima ufanikiwe karibu mara 60 kwa 100 ndipo usipate hasara. Anti ikiingia, kitita kinakuwa 2.5 na mara 47 zinatosha. Unahatarisha kiasi kile kile, unachowania kimeongezeka. Ndiyo maana kabla ya anti tunabana, ikishaanza tunalegeza.

Hatua ya 3: Legeza kwa nafasi. Kwenye meza ya watu 9, anayeanza kuamua afungue (awe wa kwanza kupandisha) kwa takriban 10% ya mikono: jozi kuanzia 5-5, A-J kwenda juu, na karata mbili za aina moja (mfano zote kopa) kama A-10, K-J, Q-J na J-10. Nyuma yake kuna watu 8, yeyote anaweza kuwa na mkono mkubwa. Aliye kwenye nafasi ya mgawaji amebakiza wawili tu, basi 40% si nyingi. Hata K-7 za shupaza zinafaa.

Wengi hulegeza kwenye kiti kisicho chake. Unafungua A-8 kutoka mbele, mwenye A-Q anafuata (analipa dau lile lile), karata za wote mezani zinafunguka A-9-4. Una jozi ya A, moyo unakataa kuitupa, na kila dau unaloweka linaenda kwake.

Hatua ya 4: Chini ya blaindi 12, weka chipu zote au tupa karata. Ukipandisha 2.2 kisha ukatupa, umekata karibu robo ya blaindi 10 ulizokuwa nazo. Wote wakitupa hadi kwako kwenye blaindi ndogo, ukiwa na blaindi 10, zaidi ya nusu ya mikono inafaa kuweka zote. Ila kufuata zote za mwenzako kunataka mkono mzito zaidi, kwa sababu anayeweka hushinda pia pale wengine wanapotupa. Anayefuata hana njia hiyo.

Hatua ya 5: Karibu na zawadi, yaani waliobaki wakikaribia idadi itakayolipwa. Kuongeza chipu maradufu hakuongezi thamani ya zawadi yako maradufu, lakini kuzipoteza zote kunaifuta kabisa. Mwenye chipu za kati abane mbele ya anayemzidi. Mwenye nyingi awasukume hao wa kati, asimguse yule anayefuata kila dau.

Maswali

*Mwalimu, nimebana saa mbili, napata A-A wote wanatupa. Nifanyeje?*

A-A huja wastani mara 1 kwa mikono 221, huwezi kuishi kwa kuingoja. Kama wanatupa, meza imeshakusoma. Tumia heshima hiyo: pandisha na A-5 za kopa ukiwa nyuma (kwenye nafasi ya mgawaji au karibu nayo). Ukiokota blaindi 2.5 mara moja kila mzunguko, mzunguko huo umeshajilipia.

*Niko blaindi kubwa na 9-7 za uru, mgawaji kapandisha 2.2, blaindi ndogo katupa. Nitupe?*

Fuata. Unaongeza 1.2 kwenye kitita cha 4.7, hivyo takriban 20% ya ushindi inatosha. Ukiwa blaindi ndogo usiige hili: unalipa zaidi, kuna mtu nyuma yako, na baada ya hapo utaanza wewe kuamua.

*Na meza ambayo watu wanafuata kila kitu?*

Bana, na usitishie kabisa kwa karata dhaifu. Ukipata mkono mzuri, pandisha hadi blaindi 3 au 4, ukiongeza moja kwa kila aliyekwisha kuingia kwa kufuata tu.