Kung'oa sili sugu za shokapu ya mbele kwenye Honda CB ya zamani

Sili, yaani pete ya mpira yenye ganda la chuma inayozuia mafuta yasitoke kwenye shokapu, ikianza kuvuja ni ya kutupwa. Cha kulinda ni mguu wa alumini unaoishika, yaani sehemu ya chini ya shokapu, maana mguu mzima wa CB750 za mwanzo, zilizotoka 1969, siku hizi unatafutwa kwa tochi. Bisibisi ikiteleza na kuchora ukuta wa alumini kutoka juu kwenda chini, mchoro huo unakuwa mfereji wa mafuta, na sili mpya itavuja siku ileile.

Sili inang'ang'ania kwa sababu ganda lake ni chuma na makazi yake ni alumini. Mpira wa vumbi ukichanika, maji yanatuama juu ya sili; klipu, yaani waya wa duara unaoizuia sili isitoke juu, inashika kutu, na alumini inatoa unga mweupe unaojaza kila upenyo na kuikaba.

Kabla ya kushusha shokapu, legeza bolti ya kibano cha juu, kisha legeza kidogo tu kofia ya bomba, yaani ya bomba la chuma linaloteleza ndani ya mguu. Fuata bolti iliyojificha chini ya mguu, ambayo kwa kawaida huchukua alenki ya milimita 6. Ilegeze springi ikiwa bado ndani, kwa kuwa msukumo wa springi ndio unaozuia fimbo ya ndani, ambayo bolti hiyo inaikamata, isizunguke pamoja na bolti. Ikizunguka hata hivyo, shusha shokapu, toa kofia na springi, chonga ncha ya mpini wa fagio, uisokomeze ndani ya bomba hadi iume kichwa cha fimbo, kisha mwenzako afungue kwa chini. Unapotoa kofia weka uso pembeni, springi inairusha.

Mwaga mafuta, vuta bomba. Kwenye CB hizi bomba linatoka peke yake na sili inabaki mguuni. Shokapu nyingi za miaka ya 1980 zina bushi (pete ya kutelezea) inayokokota sili ukilivuta bomba kwa mishtuko. Hapa mbinu hiyo haisaidii kitu.

Sasa klipu. Hapa ndipo miguu mingi inapovunjika mdomo: klipu ikijaa kutu hufanana kabisa na ukingo wa sili, mtu anaanza kutekua na klipu bado imo. Sugua kwa brashi ya waya, pulizia dawa ya kutu, iache usiku kucha, sugua tena mpaka uone ncha zake mbili. Mara nyingine kuna washa chini yake, itoe pia.

Chemsha birika la maji. Funga kitambaa nje ya mguu usawa wa sili na umwagie maji yanayotokota kwa dakika 2 au 3. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma: kwenye tundu la milimita 48, joto likipanda kutoka nyuzi 25 hadi 100, unapata nafasi ya takriban milimita 0.04. Ni ndogo, lakini inatosha kuvunja mshiko wa ule unga. Moto wa gesi usiutumie. Unaunguza rangi ya mguu na kuwasha mafuta yaliyobaki.

Weka kipande cha ubao juu ya mdomo wa mguu, ingiza chuma cha kutolea tairi chini ya sili, inua kidogo tu. Hamia upande wa pili, kisha robo zilizobaki, ukizunguka. Ukikazania upande mmoja sili inalala na kukwama zaidi. Maji yakipoa, mwagia tena.

Mpira ukinyofoka na ganda likabaki, toboa matundu mawili ya milimita 2 kwenye uso wa ganda, yakitazamana. Funga utepe kwenye keekee kuonyesha kina, maana chini ya sili kuna kingo ya alumini. Kaza skrubu zinazojikatia njia, zivute kwa plaizi kwa zamu. Zikichomoka, kata ganda kwa ndani kwa wembe wa msumeno, acha unene wa karatasi bila kukata, halafu likunje kuelekea katikati kwa tindo nyembamba.

Ondoa unga mweupe kwa msasa namba 600 uliolowa. Pitisha ukucha juu ya bomba: ukikwama kwenye shimo la kutu, bomba hilo litakula sili mpya upesi.

Soma namba za sili. 35 48 11 ni kipenyo cha ndani, cha nje na kimo, kwa milimita. Ipake mafuta ya shokapu, upande wenye kispringi uelekee chini, juu yake weka sili ya zamani, gonga kwa bomba lenye upana uleule. Ukirudisha bomba la shokapu, funika ncha yake kwa mfuko wa nailoni ili isikwaruze mdomo wa sili. Bolti ya chini ipate washa mpya.

Klipu lazima ikae yote ndani ya mfereji wake na izunguke ukiisukuma. Isipozunguka, sili haijafika chini, gonga tena.