Kabla hujaagiza gari ya umeme, omba kwanza picha ya tundu la chaji

Watu wakiagiza gari wanauliza kilomita, rangi, iligongwa au haikugongwa, ila kwa gari ya umeme cha kwanza kuuliza ni tundu la kuchajia likoje, maana hapo ndo utajua kama utachaji nyumbani tu au hata safarini. Mwambie dalali afungue kifuniko, atoe na vile vikofia vya plastiki, apige picha kwa karibu. Picha ya gari nzima inang'aa yadi haikusaidii kitu.

Picha ikishafika, hesabu vitundu. Nissan Leaf ya Japani, ambayo wengi huanzia hapo kwa sababu bei yake inashikika, inafunguka puani na ndani kuna sehemu mbili, ile ndogo ya duara yenye vitundu vitano ni Type 1, ya kuchaji polepole, na ile kubwa pembeni ni CHAdeMO, ya kuchaji fasta. Leaf za Uingereza kuanzia 2018 kwenye polepole zina Type 2, vitundu saba na juu pako bapa, lakini fasta bado ni CHAdeMO. Ukiona Type 2 ambayo chini yake imeongezewa matundu mawili manene, hiyo ni CCS2, inachaji polepole na fasta kwenye tundu moja. Sasa hapa kuwa makini, gari iliyotengenezwa kuuzwa ndani ya China inatumia GB/T, aina ya tundu ya Wachina wenyewe, na ya polepole inafanana sana na Type 2, saba kwa saba, ila upande wenye pini na upande wenye matundu vimegeuzwa, kwa hiyo haiingii hata usukume vipi.

Adapta zipo ndio, ila zinatofautiana. Ya kutoka Type 1 kwenda Type 2 ni rahisi na bei yake sio ya kutisha kwa sababu mawasiliano ya gari na chaja ni yaleyale, umbo tu ndo tofauti. CHAdeMO na CCS2 hata lugha hazielewani, adapta yake lazima iwe na kompyuta ndani ya kutafsiri, ni nzito na ni ghali. Kwa hiyo usidanganywe na "utanunua tu adapta".

Na hapa ndo naona serikali ziingilie mapema. Ulaya walitoa agizo 2014 kwamba vituo vya umma vipya viwe na Type 2 na CCS2, na hata Tesla ilipopeleka Model 3 kule 2019 ikaja na CCS2. Marekani waliachia kampuni zivutane, Tesla ikafungulia wengine plagi yake Novemba 2022, mwaka uliofuata Ford na GM wakatangaza kuhamia huko, na aliyekuwa kashanunua gari ya plagi ya zamani akabaki na habari za adapta. Ila agizo la Ulaya lilisema ANGALAU, halikupiga marufuku CHAdeMO, na kwetu sisi tunaoletewa Leaf za mtumba neno hilo ndo muhimu kuliko yote. Kila kituo kiwe na CCS2 kwa lazima, mwenye kituo akitaka kuongeza CHAdeMO aachwe, na muuzaji alazimishwe kuandika aina ya tundu kwenye karatasi za gari. Kufungia CHAdeMO kabisa ni kuwaumiza walioanza mapema, na hao ndo waliothubutu.

Haya, tundu umeshalijua, muulize dalali na kebo iliyoko kwenye buti. Kebo ya Kijapani inakuja na plagi ya kwao na nyingi zinavuta mpaka ampia 15, wakati plagi yetu ya pini tatu ni ya 13, sasa fundi akikuambia tukate hii tufunge ya kawaida mkatalie, kwa sababu huo sio mzigo wa dakika tano kama wa birika, ni wa usiku kucha. Tafuta kebo ya Type 1 ya ampia 10 iliyotengenezwa kwa umeme wetu. Betri ya kWh 40, yaani yuniti 40 za umeme, kutoka sifuri itakula kama saa 17 hadi 20, ila nani anafika sifuri kila siku. Fundi avute laini yake peke yake kutoka kwenye mein swichi, na athi (waya wa ardhini) aipime kweli, sio kukisia. Ekstensheni usitumie. Baada ya saa moja ya kwanza gusa plagi ukutani, ikiwa ya moto kiasi cha kukufanya utoe mkono, zima swichi ndo uchomoe, umwite fundi arudi.