Bafa ya asetati ya pH 5.0: kupima, kuchanganya, kurekebisha

Bafa, yaani mmumunyo unaozuia pH (kipimo cha uasidi) isibadilike sana, inataka vitu viwili katika chombo kimoja: asidi dhaifu, na besi yake ambatani, yaani ioni inayobaki asidi ikishaachia protoni. Asidi ya asetiki peke yake haitoshi. Ioni zake za asetati ni chache mno, hivyo ukiidondoshea asidi kali hakuna cha kuipokea. Ndiyo maana tunaongeza chumvi yake, sodiamu asetati.

Anza na uwiano. pKa (kipimo cha nguvu ya asidi) ya asidi ya asetiki ni 4.76 kwenye nyuzi joto 25, na fomula ni:

pH = pKa + log([asetati]/[asidi])

Tofauti ya 5.0 na 4.76 ni 0.24, kwa hiyo asetati iwe mara 1.74 ya asidi. Lita moja ya bafa ya 0.1 M (M ni moli kwa lita) itabeba moli 0.0635 za asetati na moli 0.0365 za asidi.

Pima gramu 8.64 za sodiamu asetati yenye maji ya fuwele (CH₃COONa·3H₂O). Soma lebo kwanza! Ile kavu isiyo na maji inatakiwa gramu 5.21 tu, ukiipima 8.64, pH inapanda hadi 5.2 hivi, na hilo ndilo kosa tunalolikuta mara nyingi zaidi. Yeyusha katika mililita 800 za maji yaliyokenekwa, kisha ongeza kwa pipeti mililita 2.1 za asidi ya asetiki isiyochanganywa na maji. Vaa glavu na miwani, fanyia penye hewa ya kutosha: inaunguza.

Sawazisha kipima pH kwa bafa za 4 na 7, halafu pima. Kitasoma karibu 4.9, nawe hujakosea hesabu: ioni za chumvi huathiriana, na fomula hii hailioni hilo. Dondosha NaOH (besi kali) ya 1 M, kama mililita 5, huku ukikoroga, hadi 5.0. Ndipo ujaze maji kufikia lita moja. Ukipitiliza sana, usirudishe kwa asidi kisha besi tena na tena, maana chumvi inazidi, tengeneza upya.

Ijaribu: mililita 1 ya HCl (asidi kali) ya 1 M katika mililita 100 za bafa inashusha pH hadi 4.8 tu. Katika maji matupu ingeshuka hadi 2.

Nje ya pH 3.8 hadi 5.8 bafa hii haina nguvu; kwa pH 7 tumia fosfati. Itunze kwenye friji, kwani ukungu huipenda.